Wanaobaki nyumbani nao wana hija yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba hija za miguu zimepitwa na wakati. Alisema wanaotembea kutoka huku kwetu Kagera hadi Namugongo, mahali walipouawa mashahidi wa Uganda, ni watu wenye nafasi, na kwamba mgonjwa, mama mwenye mtoto mgongoni na mchuuzi wa ndizi hawana chao katika hija hizo. Akamalizia kwamba haki ni kupeleka lami hadi mlangoni mwa kila mahali patakatifu, kila mtu afike kwa gari. Hoja yake ya kwanza ni nzito na inastahili kujibiwa kwa heshima. Hiyo ya lami ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Nina jambo la kumweleza kutoka Ufaransa, kwenye mji ambao watu wamehiji kwa zaidi ya miaka elfu moja na hawajaacha.

Binti yangu anaishi Lyon na mumewe. Nilipokwenda kumtembelea nilimwomba kitu kimoja tu, anipeleke Le Puy-en-Velay. Jina la mji huo nililisikia miaka mingi iliyopita kwa padri mzee wa Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadri Weupe, alipokuwa akitufundisha historia ya imani katika jimbo letu. Treni inayotoka Saint-Étienne hufuata mto Loire kwenye bonde jembamba, mto ukipinda nayo inapinda, halafu milima inaachana na mji unajitokeza: mapaa mekundu, na katikati yake majabali meusi yaliyosimama wima. Hayo ni masalia ya volkano. Uji wa moto uliganda kooni mwa mlima, udongo laini wa pembeni ukaliwa na mvua na mito zama kwa zama, jiwe gumu likabaki peke yake. Juu ya jabali moja, mita zipatazo 80 kutoka chini, kimekaa kikanisa cha Malaika Mkuu Mikaeli. Mahali hapo panaitwa Aiguilhe.

Kikanisa hicho kina asili yake katika safari. Mwaka 950 Godescalc, Askofu wa Le Puy, aliondoka na msafara mkubwa kwenda Santiago de Compostela, pembe ya mbali ya Hispania, kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo Mtume. Ni miongoni mwa mahujaji wa mwanzo kabisa wa njia hiyo ambao majina yao yanajulikana. Jina lake linajulikana kwa sababu njiani alipita monasteri ya Albelda, huko Hispania, akamwomba mtawa aitwaye Gomesano amnakilie kitabu cha Mtakatifu Ildefonso juu ya ubikira wa Maria. Gomesano alifanya kazi hiyo, na mwanzoni mwa nakala akaandika ni nani aliyeiagiza na alikuwa akielekea wapi. Askofu akaichukua Januari 951 alipokuwa akirudi. Nakala hiyo ipo mpaka leo katika Maktaba ya Taifa, Paris. Baada ya askofu kurudi, Truannus, mkuu wa mapadri wa kanisa kuu, akapata idhini ya kujenga juu ya jabali, na kikanisa kikawekwa wakfu mwanzoni mwa miaka ya 960. Karne ya 12 kikapanuliwa.

Ngazi za kupandia ni 268. Nyingine zimechongwa kwenye jiwe lenyewe, nyingine zimejengwa, na katikati zimelika kwa nyayo. Chini kuna kibanda cha tiketi na unalipa euro chache. Mwanzoni hilo halikunifurahisha, kulipa kuingia nyumba ya sala, lakini ukiona mafundi walivyoziba nyufa za jabali unaelewa fedha zinakwenda wapi. Hakuna lifti. Zamani mhujaji alipita kwanza kwenye vikanisa vidogo vya Malaika Gabrieli na Rafaeli ndipo afike kwa Mikaeli juu. Siku ile tulipanda pamoja na watalii wenye kamera, vijana wa shule, na bibi mmoja aliyekuwa akishuka kiubavu, mkono mmoja kwenye reli ya chuma na mwingine kwenye rozari. Kila tulipopumzika tuliwapisha wengine, nao wakatusalimu. Sijui ni ngazi za mahali gani nyingine Ulaya ambako wageni wananisalimu hivyo.

Wenyeji wana simulizi ya msichana aliyesingiziwa kwamba amejivunjia heshima. Ili athibitishe kuwa hana hatia alijirusha kutoka juu ya jabali, akatua mzima, malaika wamemdaka. Akajirusha tena, akatua mzima. Mara ya tatu alijirusha kwa majivuno, ili watu wamwone, na hapo hakudakwa na yeyote. Simulizi hii naipenda kwa ukali wake. Nimeona hata kwetu hija zenye fulana mpya na picha nyingi kuliko sala, na tangu nirudi kila nionapo hivyo namkumbuka yule msichana.

Mlango wa kikanisa uko chini ya tao lenye mikunjo mitatu, na ukuta wote umepambwa kwa mawe yaliyopangwa kwa ustadi, meusi ya volkano, meupe na mekundu. Juu ya mlango wamechongwa nguva wawili, mmoja mwenye mkia wa samaki na mwingine wa nyoka. Wengi huwaeleza kuwa ni vishawishi ambavyo mhujaji anaviacha nje. Juu yao yuko Mwanakondoo, na wazee wa Ufunuo wakimwabudu na vikombe mikononi. Ndani hakuna ukuta ulionyooka. Wajenzi walifuata umbo la jabali, kwa hiyo nguzo zinakwenda zikipinda na ukitembea unajikuta umezunguka bila kukusudia. Kwenye sehemu ya zamani kabisa, chumba kidogo cha mraba, bado kuna rangi za karne ya 10: Kristo katika utukufu, malaika, jua na mwezi. Rangi zimefifia zikabaki za udongo, lakini macho ya Kristo yanaonekana. Mwaka 1955 wakati wa ukarabati walikuta ndani ya altare vitu vya masalia, pamoja na sanamu ndogo ya mbao ya Kristo msalabani. Karne kwa karne watu walikuwa wamesali mbele ya altare ile, wala hawakujua ndani yake mna nini.

Nilikaa humo muda mrefu kuliko binti yangu alivyotaka.

Sasa nimjibu mwenzangu kuhusu mgonjwa na mchuuzi wa ndizi.

Upande wa pili wa mji, juu ya kilima, kuna kanisa kuu la Bikira Maria. Kila asubuhi saa moja husomwa Misa ya mahujaji, maana Le Puy ni mwanzo wa mojawapo ya njia kubwa za kwenda Compostela, safari ya kilomita zipatazo 1,500. Wanaoianza wanaingia na mabegi yao mgongoni, fimbo wameziegemeza kwenye nguzo, wengine wana kombe la baharini limening'inia begani, ile alama ya mahujaji wa Mtakatifu Yakobo. Baada ya Misa padri anawaita wote mbele ya sanamu ya mtakatifu huyo na kuwauliza mmoja mmoja wanatoka wapi. Siku ile walikuwepo Wafaransa wengi, Wajerumani, Wakorea, na kijana wa Kanada aliyekuwa peke yake. Zamu yangu ilipofika nilisema Bukoba, Tanzania. Padri akalirudia jina taratibu, akauliza kama na sisi tunahiji kwa miguu. Nikamweleza, binti yangu akitafsiri, habari za Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na jinsi watu wanavyotembea kila mwaka kutoka Kenya, kutoka kwetu na kutoka kila kona ya Uganda ili wafike siku hiyo. Watu waliokuwa wakifunga kamba za mabegi waliacha, wakasikiliza.

Kisha akawabariki, akawapa kila mmoja medali ndogo. Na pembeni ya sanamu palikuwa na kikapu cha karatasi.

Hicho kikapu ndicho ninachotaka msomaji mwenzangu akione. Mtu yeyote anayepita kanisani humo, awe mwenye duka, mgonjwa aliyetoka hospitali kwa ruhusa ya saa chache, au mtalii asiye na imani yoyote ila ana jambo linalomlemea, anaandika nia yake kwenye karatasi na kuiacha. Asubuhi, mhujaji anayeondoka huchukua karatasi moja ya mtu asiyemjua, akaitia mfukoni na kuiombea njiani. Anayebaki hajui nani ameibeba nia yake. Anayebeba hajui mwenye nia ni nani. Safari ikishaanza wako wawili ndani yake.

Mimi na binti yangu tulipanga kutembea kipande tu cha kwanza, hadi kijiji cha Saint-Christophe-sur-Dolaison, turudi. Hata hivyo padri alinisogezea kikapu nami nikachukua. Yaliyoandikwa si yangu kuyatangaza gazetini. Niseme tu kwamba mwandiko ulikuwa wa mkono unaotetemeka, mistari ilishuka kuelekea chini ya karatasi, na mwandishi aliomba radhi kwa herufi zake mbaya. Binti yangu alinisomea mara moja, akanyamaza, akanirudishia.

Halafu wavu wa chuma ulioko sakafuni katikati ya kanisa ukafunguliwa. Mahujaji hawatoki kwa mlango wa pembeni. Wanashuka ngazi zinazopita chini ya sakafu ya kanisa na kutokea moja kwa moja kwenye barabara ya mji. Wenyeji wana msemo kwamba kanisa lao unaliingia kwa kitovu, yaani kwa ngazi hizi, na kulitoka kwa masikio mawili, yaani milango ya pembeni; mahujaji wao hutokea kwa kitovu. Ukisimama juu unaona vichwa vinazama kimoja kimoja, na mbele yao mtaa unaoteremka, na mbali zaidi vilima vya kijani. Waliobaki kanisani walisimama wakiwatazama mpaka wa mwisho aliposhuka. Mwanamke mmoja aliyeshika fagio, nadhani ni wa kufanya usafi, naye alisimama.

Tulitembea kati ya kuta za mawe meusi yaliyopangwa bila saruji, tukifuata alama nyeupe na nyekundu zilizopakwa kwenye miti na nguzo. Huko juu wanalima dengu ndogo za kijani, zao linalowapa sifa Ufaransa nzima. Goti langu lilikuwa linauma, nikakumbuka mwandiko ule, nikaendelea. Tulipofika kijijini niliingia kanisani, jengo la mawe ya volkano, nikasali nilichoagizwa na mtu nisiyemfahamu.

Na huu si mtindo mpya wa kuvutia wageni. Mwaka 1429, Isabelle Romée, mama yake Jeanne d'Arc, yule msichana aliyeongoza jeshi la Ufaransa, alihiji Le Puy wakati binti yake amekwenda kwa mfalme na vita iko mlangoni. Tunalijua hilo kwa sababu Jean Pasquerel, padri aliyekuja kuwa muungamishi wa Jeanne, alitoa ushahidi kwamba alikutana na mama huyo huko. Binti hakuwa na nafasi ya kuhiji. Mama akaenda. Hakuna mama wa Kihaya, wa Kiganda wala wa Kisukuma asiyeelewa alikuwa amebeba nini.

Wagonjwa nao wana mahali pao. Ndani ya kanisa kuu kuna bamba kubwa la jiwe jeusi linaloitwa jiwe la homa. Inasimuliwa kwamba mwanamke mwenye homa isiyopona aliagizwa na Bikira Maria alale juu yake, akaamka mzima, na tangu hapo wagonjwa wanalala juu ya jiwe hilo. Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa, sanamu ya Bikira Maria Mweusi hupitishwa mitaani na maelfu ya watu huandamana nayo. Sanamu ya zamani ilichomwa moto tarehe 8 Juni 1794 wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Hii ya sasa ilichukua nafasi yake, na wanaendelea kuivisha joho na kuipamba. Kila Ijumaa Kuu inapoangukia tarehe 25 Machi mji hufanya Jubilei yake. Ya mwisho ilikuwa 2016 na itakayofuata ni ya 2157. Zamani umati wa Jubilei ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1407 watu wapatao 200 walikufa kwa kukanyagana. Nawataja hao kwa makusudi, kwa sababu tunaposema tunataka watu wengi zaidi wafike Namugongo kwa siku moja, kwa gari, lazima mtu afikirie wapi watasimama.

Ipo pia sababu ya sisi wa Kagera kuiona njia ile kuwa ya kwetu. Ukitoka Le Puy ukitembea siku kadhaa unaingia Aveyron, na huko ndiko alikozaliwa mwaka 1846 Léon Livinhac. Alikuwa kwenye msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe ulioondoka Bagamoyo mwaka 1878 na kufika Buganda mwaka 1879, na baadaye akawa askofu huko. Vijana Wakatoliki waliouawa Namugongo walifundishwa na watu wa msafara huo. Kutoka Buganda imani ilivuka ikaja kwetu, na misheni ya Kashozi ikafunguliwa mwaka 1892. Nilipomaliza kumweleza padri wa Le Puy habari hizi alisema neno moja, "Karibuni."

Sasa nirudi nyumbani. Mimi nimetembea kwenda Namugongo, nikiwa na nguvu zaidi ya sasa. Tulipita Kyaka, tukavuka mpaka Mutukula, tukaenda na barabara ya Kyotera na Masaka. Njiani watu wengi walitutendea wema ambao siwezi kuulipa; kuna mama aliyetuletea maji ya moto ya kuosha miguu na hakutaka hata kutuambia jina lake. Lakini usiku mmoja tulifika kwenye parokia moja tukakuta ukumbi umefungwa, mwenye ufunguo amesafiri, hakuna aliyeambiwa kwamba tunakuja. Tulilala barazani mvua ikitupiga upande mmoja. Hakuna aliyetukataa. Hakuna tu aliyekuwa anatungoja. Na tulipoondoka Bukoba hali ilikuwa hiyohiyo: tulikutana alfajiri kituo cha mabasi, tukasali wenyewe, tukaondoka. Waumini wenzetu walijua tumekwenda tuliporudi.

Kwa hiyo namwambia mwenzangu kwamba anaona kweli pale anaposema mgonjwa na mchuuzi wameachwa nje ya hija zetu. Wameachwa nje na namna tunavyoondoka, na lami haitawaingiza. Gari litampeleka mlangoni yule mwenye nauli, na mama wa ndizi atabaki sokoni vilevile. Sipingi gari la wazee na wasiojiweza kufika karibu, lazima liwepo. Ninachopinga ni kuifuta njia ya miguu, kuichimba na kuipanua mpaka asiyekuwa na gari awe msumbufu pembeni ya barabara. Hapa jimboni tunacho kituo cha hija cha Nyakijoga, na wanaokwenda huko kwa miguu wanakaa njiani muda wa kutosha kusali rozari nzima na kusikilizana shida zao. Hilo haliwezekani ndani ya Hiace.

Naziomba parokia za Kagera, na za upande wa pili wa mpaka kama barua hii itawafikia, mambo ambayo hayahitaji mfadhili. Mahujaji waagwe ndani ya Misa, mbele ya watu, waulizwe majina na vigango vyao, wabarikiwe. Mahali watakapolala patajwe mapema na ufunguo wa ukumbi uachwe kwa mtu aliyepo. Maji yawekwe. Na mlangoni mwa kanisa kiwekwe kikapu, hata cha kusukwa cha kubebea senene, kwa ajili ya nia za wanaobaki.

Kwetu tumeshakubaliana katika jumuiya ndogo ndogo. Anayetaka nia yake ibebwe Namugongo ataacha karatasi baada ya Misa ya pili, kila Jumapili ya mwezi Mei. Asiyejua kuandika atamwambia katekista amwandikie kwa siri. Si lazima kuweka jina, na lugha yoyote inapokelewa.

Mwalimu mstaafu,
Bukoba